Mkonga Hadi Langoni

Picha ya tembo ilikuwa ya bure mtandaoni, ila shule haikuwa na printa. Mwalimu Sikudhani akaweka karatasi juu ya kioo cha simu, akaifuatisha picha kwa penseli, kipande kwa kipande. Kila kidole kilipogusa kioo, picha ilizidi kukua. Asubuhi alipobandika vipande ukutani, tembo alikuwa na kichwa kidogo na mkonga uliofika mlangoni.

Watoto wa chekechea wakaangua kicheko, naye akacheka nao.

“Mwalimu, mkonga mbona umeishia hapa?” akauliza Mize.

“Haya, umalizieni nyie,” akasema, akawagawia chaki.

Wakauchora barazani, uani, mpaka langoni, alikosimama Fumo, ambaye kila siku hulia akiing'ang'ania kanga ya mama yake. Fumo akautazama mkonga miguuni pake. Akaiachia kanga, akanyoosha mkono kuomba chaki.