Idara Tuliyopewa Kulea

Tangu bajeti ya chuo chetu cha mkoa ianze kukatwa, kila nyumba imepewa idara ya kuilea. Sisi tulipewa Historia. Mwaka wa tatu huu, sikaangi kitunguu mpaka Dakta Mahundi amalize mhadhara sebuleni, eti wanafunzi wanakohoa. Nimevumilia.

Leo mkuu wa chuo kaja na futi mkononi. Bajeti imepungua tena, kwa hiyo tunaongezewa idara. Akapita moja kwa moja hadi kwenye friza ninayouzia samaki, akaipima.

"Mama, mtu mzima anaenea humu?"

"Mtu gani?"

"Marehemu wa Idara ya Anatomia."

Nikamgeukia binti yangu Nyamizi, anayesomea udaktari, anisaidie kumtimua. Alikuwa ameshaanza kutoa samaki.