Unga wa Bi Mwanatumu

Hivi wewe, ungeweza kukaa na mumeo miaka thelathini bila kumega naye mkate mmoja? Bi Mwanatumu aliweza, maana siku hizo kila mtu aliletewa na serikali unga uliochanganywa kwa ajili ya mwili wake, na kula wa mwenzio lilikuwa kosa. Wake ulikuwa wa mchele na muhogo, kwani ngano kidogo tu ingemlaza kitandani wiki nzima. Wa mumewe, Shekuwe, ulikuwa wa ngano.

Asubuhi hiyo aliukoroga wake kwa tui zito na iliki, akaumimina sufuriani, akaungoja mpaka kingo za mkate zikawa kahawia. Hata Bi Mwanatumu hajaketi, Shekuwe akanyoosha mkono, akaumega. Meza, iliyowekwa kuchunga nani anakula nini, ikawaka taa nyekundu.

“Umerukwa na akili, bwana wewe? Wakaguzi watakuja!”

“Waje. Kumbe mtamu hivi, bibie, nawe kimya!”

“Ningesemaje, na meza inasikia?”

Pikipiki ikasimama nje ya mlango. Shekuwe hakugeuka. Alisogeza kiti chake kando ya mkewe, chembe za mkate zikiwa bado ndevuni.

“Mwanatumu, nimechoka kula peke yangu. Nataka tule pamoja.”