Chupa ya Maganga

Nyamizi alilikunjua gazeti juu ya meza ya mpiga picha. Alitaka picha kubwa ya kuweka juu ya jeneza la mdogo wake, na tangu amalize shule Maganga hakuwahi kupigwa nyingine ila hiyo ya gazetini. Chini yake waliandika: "Mhuni akijiandaa kurusha bomu la petroli."

"Niukate huu mkono wenye chupa, dada," mpiga picha alisema. "Abaki uso tu. Msiwape watu maneno msibani."

"Ni maji, kaka. Alikuwa anawaosha watu macho, moshi wa mabomu ya machozi ya askari ulipowazidi."

"Mimi nakuamini. Gazeti je, lilikuomba ushahidi?"

"Usikate. Ikuze chupa mpaka lebo yake isomeke. Watakaokuja kuzika waisome wenyewe."

Mpiga picha aliiweka picha kwenye mashine. Chupa ikajaa kioo kizima. Kila alipozidi kuikuza, lebo ilizidi kusambaratika, ikawa vitone vyeusi vya wino, kila kimoja peke yake.

Nyamizi aliinama mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

"Ongeza," alisema. "Ongeza tena."