Kiti cha Tatu, Safu ya Sita

Saa nane na dakika tano Marlys alipandisha bei ya kiti kimoja kutoka dola sitini hadi themanini na tano, na mzee aliyesimama kwenye dirisha la tiketi akarudisha noti zake mfukoni.

"Si ulisema sitini, mama?"

"Nilisema sitini saa nane kamili. Tangu hapo watu kumi na wanane wamekigusa kwenye simu zao. Kikitakwa, kinapanda."

Kilikuwa kiti pekee kilichobaki katika ukumbi wa mpira wa kikapu wa Chuo cha Weller: safu ya sita, nyuma kidogo ya benchi la wasichana wa timu ya nyumbani. Kilirudi nusu saa kabla ya mchezo kutoka mlango wa waalikwa, upande wa pili wa jengo, kama vinavyorudi vyote ambavyo wenyewe hawakutokea. Marlys aliletewa namba ya kiti tu. Kazi yake ilikuwa bei.

Zamani tiketi ilikuwa dola nane kwa kila mtu. Halafu Janna Tolliver, jezi namba kumi na nne, akaanza kufunga pointi thelathini kila Jumamosi, na wakulima wa kaunti nzima wakawa wanawahi maegesho kama wanavyowahi mnada wa ng'ombe. Marlys ndiye aliyewaambia wakubwa kwamba bei ifuate watu. Wakampongeza, wakampa na kiti kipya cha ofisini.

Huyu mzee alikuwa mteja wake kwa miaka minne. Hakuwahi kutaja jina. Alivaa kofia ya kijani ya kampuni ya mbegu za mahindi, basi Marlys akamwita Mbegu. Alilipa taslimu, akaomba kiti cha juu kabisa, nyuma ya nguzo. Tangu Januari, nguzo yenyewe ilipofika dola arobaini, alisikiliza mchezo redioni ndani ya pikapu yake, injini ikinguruma ili asigande kwa baridi.

"Leo ninazo sitini na mbili," alisema. "Mama, nihurumie."

"Nikikuhurumia wewe, Mbegu, itabidi nilihurumie jimbo zima la Iowa. Halafu wewe si mtu wa nguzo? Leo unataka kukaa karibu na kocha umfundishe kazi?"

Mzee akacheka kidogo. "Pale karibu hata hapanifai. Ila ni mara yake ya mwisho kucheza hapa."

"Nani?"

"Huyo wa kumi na nne. Anarusha kwa kushoto. Walimu walitaka kumbadilisha akiwa mdogo, wakashindwa." Akasita. "Nilisikia hivyo."

"Hakuna asiyesikia. Redio haina habari nyingine."

Marlys hakuwa na roho mbaya. Lakini mashine haikubali bei ya chini ya ile iliyowekwa, na kazi aliihitaji. Akamsogezea karatasi chini ya kioo.

"Andika jina na namba ya simu. Mpira ukianza watu huacha kutafuta, bei huporomoka. Ikigusa sitini, wewe wa kwanza."

Mzee akaandika taratibu, vidole vimekakamaa: Lowell Haas. Kisha akaenda kusimama kando ya mlango wa ukumbi, mahali ambapo sauti ilipenya.

Ndani, mtangazaji alikuwa anawaita wasichana wanaomaliza chuo. Ndivyo inavyofanyika katika mchezo wa mwisho wa nyumbani: mmoja mmoja huenda katikati ya uwanja, mzazi huku na mzazi huku, akapewa ua. Alipoitwa Janna, mtangazaji alitaja jina la mama peke yake. Ukumbi ukatetemeka kwa vifijo. Mzee alivua kofia, akaishika kifuani mpaka kelele zikaisha.

Saa nane na dakika ishirini na tano kiti kilifika dola mia moja na kumi, na mtu fulani wa jiji la Des Moines akakinunua kwa simu. Marlys alitoka nje ya kibanda chake, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi.

"Mbegu, kimekwenda."

"Kwa ngapi?"

Akamwambia.

"Sawa," mzee alisema. "Angalau wanajua thamani yake." Akavaa kofia, akaenda zake kwenye pikapu.

Weller walishinda. Maegesho yalipobaki matupu, Marlys aliletewa karatasi za mlango wa waalikwa atie saini. Kila mchezaji hupewa viti vinne vya bure kwa ajili ya watu wake, naye huandika majina yao. Kwa kawaida Marlys alisaini bila kusoma. Safari hii, kwa sababu ya ile bei aliyojivunia, alitafuta safu ya sita.

Kiti cha tatu. Mwenyeji: Janna Tolliver. Mgeni: Lowell Haas. Uhusiano: baba mzazi.

Akafungua kabati, akatoa karatasi za mchezo uliotangulia, na za mwaka jana, na za mwaka wa kwanza. Mstari ulikuwa uleule katika kila mchezo, na mwisho wake, kwa mwandiko wa bawabu, neno moja: hakuja.