Sahani ya Kola

Sahani ya kola ilikuwa mkononi mwangu, na wageni waliokuja kumposa dada yangu walikuwa wakiningoja niiombee. Kola, kokwa chungu ambazo sisi Waigbo huwakaribishia wageni, huombewa dua na mwenyeji, na tangu baba afariki, mwenyeji katika nyumba hii ya Houston ni mimi.

Nikaanza kwa Kiingereza. Mzee wao akainua kidole.

"Kwa Kiigbo, mwanangu. Au mmeshakitupa?"

"Akitupe wapi? Somadina anakijua sana!" mama akadakia.

Kwa Kiigbo nilijua sala moja tu, ile niliyoikariri wiki nzima kabla ya kumzika baba. Nikafumba macho, nikaianza.

Nilipofika kwenye maneno ya udongo kurudi udongoni, wageni wakatazamana.

Mama peke yake ndiye aliyeitikia amina ya Kiigbo, "Ise."