Kaa na Meli ya Visiwa Saba

Panya wa bandarini ndiye aliyemwambia Kaa habari za meli ya watalii.

"Mama, visiwa saba kwa siku saba, na chakula hakikatiki."

Kaa alitaka kisiwa kimoja tu, cha tatu, alikojifungua binti yake. Kasa akajitolea kumbeba.

"Mzee, kwa mwendo wako nitamkuta mjukuu ameota ndevu," Kaa akamcheka, akapanda meli.

Kisiwa cha tatu kilipofika, alishuka ngazi upandeupande, kama desturi ya kaa. Hajafika katikati, honi ikalia, ngazi ikapandishwa.

"Si umekiona?" Panya akauliza, akitafuna.

"Nimekiona. Sijakikanyaga."

Siku ya saba meli ikamrudisha bandarini. Asubuhi iliyofuata alimwendea Kasa, akamwamkia shikamoo, akapanda mgongoni bila kuuliza watafika lini.