Bega la Ngiri

Wanyama walipojenga ghala lao la ghorofa, msimamizi alikuwa Ngiri, asiyekubali kukosolewa. Aliamuru ncha za mihimili ya chuma zilazwe moja kwa moja juu ya ukuta wa udongo, bila kitako cha zege cha kutawanya uzito. Nyegere, fundi mwenye hasira za karibu, akatupa mwiko chini.

"Kanga na vifaranga wake watalala humu chini! Ukuta huu utapondeka!"

"Acha kelele," alisema Ngiri. "Mzigo unabebwa na chuma. Ukuta unashikilia tu."

Damu ikamchemka Nyegere. "Haya bosi, njoo ushikilie tu."

Akamtwika Ngiri ncha moja ya mhimili begani, ncha ya pili akaiweka juu ya jiwe. Kisha akamwita Kiboko akae katikati.

Kiboko alipokaa, chuma hakikupinda hata kidogo. Ngiri ndiye aliyepiga magoti.

"Mtoeni! Bega langu linavunjika!"

"Linavunjwa na nini?" Nyegere alifoka. "Si mzigo umebebwa na chuma?"

"Leteni zege!" Ngiri akalia.

"Litaletwa," alisema Nyegere akiokota mwiko wake, "na wewe utabaki hapohapo mpaka likauke."